Anayenyanyaswa kwenye makundi ya kujitolea mtandaoni: tusimwachie mzigo peke yake

Kihesa Kilolo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nawasalimu wa Mbeya, Songwe, Njombe, na sisi wa Iringa tulio kwenye baridi letu.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, leo naliweka mezani. Nyanda za Juu Kusini tuna vijana wengi wanaotoa muda wao bure mtandaoni. Kuna wanaoandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, wanaochora vijiji kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, wanaotafsiri programu, na wanaofundishana kompyuta kupitia magrupu ya WhatsApp. Wengi walianzia vyuoni, Mkwawa hapa Iringa au kule Iyunga kwa wenzetu wa Mbeya, wakaendelea hata baada ya kumaliza. Ni kazi ya maana. Kijiji ambacho hakikuwa na barabara hata moja kwenye ramani, leo ukikitafuta unaona shule, zahanati na mto.

Lakini watu wanaondoka, hasa mabinti. Ukiuliza unaambiwa "alibanwa na masomo", "alipata kazi". Baadhi yao naamini ni kweli. Wengine walinyanyaswa, sisi tukatazama pembeni.

Nitoe mfano mmoja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asijulikane, na mwenyewe ameridhia. Binti wa mkoa wa Mbeya alikuwa anachora ramani na kuandika makala kuhusu maeneo ya kwao. Mwanakikundi mzoefu, mwenye hariri nyingi (yaani mabadiliko aliyoyafanya kwenye makala na ramani) na anayeheshimika, alianza kumtumia ujumbe wa pongezi. Pongezi zikageuka kumtaka, na alipokataa yakaja matusi. Kisha jamaa akaanza kumfuatafuata kwenye kazi: kila makala aliyoigusa binti, jamaa anaifuta au anaacha maneno ya kumdhalilisha kwenye ukurasa wa majadiliano. Baadaye picha yake ya profaili ikasambazwa kwenye grupu jingine na maneno machafu chini yake.

Binti alimweleza admini. Akajibiwa: "Mbloku tu dada. Halafu pumzika kidogo, toka grupuni mpaka hali itulie."

Akatoka. Hali "ikatulia". Jamaa yupo mpaka leo.

Kinachoniuma ni kwamba kila kitu aliachiwa yule aliyeumizwa: kubloku, kukusanya ushahidi, kueleza upya kwa kila kiongozi mpya, kuvumilia maswali, na mwisho kuondoka. Kundi zima lenye watu zaidi ya mia halikubeba hata kipande kimoja. Ninachotaka tujadili ni hiki: mtu akinyanyaswa kwenye kundi letu, kazi ya kushughulikia ni ya kundi. Yeye kazi yake ni kupona, na kuamua anataka nini.

---

Fundi wa Uyole

Mkuu, naelewa uchungu wako, ila mtandao ndivyo ulivyo. Matusi yapo kila mahali. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyelazimishwa. Ukibloku mtu si basi? Tukianza vikao na kesi, hayo magrupu yatakufa, watu watashinda wanashtakiana badala ya kuchora ramani.

---

Kihesa Kilolo

Fundi, asante kwa kusema wazi, maana wengi wanawaza hivyo hivyo na hawasemi.

Tuanze na kubloku. Kwenye WhatsApp ukimbloku mtu, hawezi kukupigia wala kukutumia ujumbe binafsi. Lakini mkiwa grupu moja, bado anasoma kila unachoandika humo na wewe unasoma chake. Kwa hiyo binti amembloku, na bado kila asubuhi anamkuta kwenye grupu la mradi akitoa maelekezo.

Namba nayo. Kwenye magrupu yetu kila mtu anaona namba ya kila mtu, na kwa hapa Tanzania namba ni zaidi ya namba. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ukianza kutuma pesa kwa simu, jina kamili la mwenye laini linatokea kabla hujathibitisha. Hata kama ulijiunga kwa jina la utani, mtu anakujua jina lako lote, na kwa mikoa yetu jina la ukoo likishajulikana, kijiji hakijifichi. Tena wapo wanaobadilisha laini kila wakiblokiwa.

Halafu kuna kazi yenyewe. Kwenye Wikipedia na OpenStreetMap kila unachofanya kipo hadharani, kwa jina la akaunti na saa. Mchora ramani mpya kwa kawaida huanzia mtaani kwao: nyumba yao, kanisa lao, njia ya kwenda sokoni. Mtu mwenye nia mbaya akipitia hariri zake za mwanzo anaweza kukisia anakoishi. Hilo huwezi kulibloku.

Kuhusu magrupu kufa, yanakufa tayari. Mwaka 2015 Taasisi ya Wikimedia, inayoendesha Wikipedia, ilifanya utafiti kuhusu unyanyasaji kwenye miradi yake, wakajibu watu zaidi ya 3,800. Asilimia 38 walisema wamewahi kunyanyaswa, na zaidi ya nusu ya hao walisema walipunguza kushiriki. Tunahesabu makala za mnyanyasaji, hatuhesabu makala ambazo hazikuandikwa kwa sababu yake.

---

Mama wa Makambako

Wanangu, mimi si mtu wa kompyuta sana ila nimekaa na mabinti wengi kanisani na kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Niseme kuhusu ile siku ya kwanza, siku anapokuja kusema.

Msimuulize "ulimjibu nini mpaka akafika huko?" Msimuulize alikuwa amevaa nini kwenye hiyo picha. Maswali hayo yanamfunga mdomo, hatasema tena, si kwako wala kwa mama yake. Mwambieni "pole, umefanya vizuri kusema, uko salama hapo ulipo?" Kisha nyamazeni mumsikilize. Akilia, alie.

Na kingine, msikimbilie kumwambia asamehe. Huku kwetu tuna haraka sana ya kupatanisha. Tunawakalisha wawili, tunaomba, tunapeana mikono, tunasema yameisha. Yule mtu mzima anatoka pale anacheka, mtoto anatoka anatetemeka. Upatanisho ni mzuri kwa waliogombana. Huyu hakugombana na mtu, ameonewa.

---

Kihesa Kilolo

Shikamoo mama. Hilo la mwisho nitalinakili kwenye kanuni za kikundi chetu kama lilivyo, ukiniruhusu.

---

Mama wa Makambako

Marahaba mwanangu. Chukua tu.

---

MwanaRungwe

Nimesoma nikasita, ila acha niandike. Mimi yalinikuta, kwenye kikundi kingine cha kutafsiri, si hicho cha mleta uzi. Sitaeleza yalikuwa nini. Nitaeleza kilichonisaidia, maana watu wanauliza "tumsaidieje" na hakuna anayewajibu kwa vitendo.

Jambo la kwanza ni ushahidi. Silika yangu ilikuwa kufuta kila kitu, nisione tena. Rafiki yangu mmoja kikundini akaniambia, usifute, nipe mimi nitunze, wewe usiangalie tena. Tukakaa pamoja jioni moja tu. Yeye ndiye aliyepiga skrinishoti zenye namba na tarehe, akahamisha mazungumzo yote kwa ile sehemu ya WhatsApp ya kuhamisha gumzo kuwa faili, akaandika kwenye daftari siku gani kilitokea nini. Baada ya hapo ujumbe mpya ukija nilikuwa namtumia yeye bila kuusoma mpaka mwisho. Siwezi kuwaelezea nilivyolala usingizi siku ile.

Jambo la pili, alikuwa msemaji wangu. Viongozi walipotaka maelezo, walimwuliza yeye. Nilieleza mara moja tu, kwa maandishi, basi. Kabla ya hapo nilishaeleza kwa watu tofauti na kila mmoja alianza upya, "hebu tueleze vizuri ilikuwaje". Kila ukieleza unarudi kule kule.

Jambo la tatu, waliniuliza nataka nini. Sikutaka polisi. Sikutaka aaibishwe. Nilitaka atolewe kwenye kikundi na asiguse kazi zangu. Wengine walitaka kumwanika Facebook kwa hasira zao, huyo rafiki akawazuia. Angeanikwa yeye, ningetafutwa mimi.

Na sikuachwa nje ya kazi. Walinipa sehemu nyingine ya tafsiri niendelee nayo na mtu mmoja wa kuipitia. Nilihitaji kubaki mtafsiri, nisigeuke "yule dada wa ile kesi".

---

Kihesa Kilolo

MwanaRungwe, asante sana dada. Umeeleza kile nilichokuwa nakitafuta maneno.

Niongeze kitu hapo kwenye ushahidi kwa wanaoandika Wikipedia. Huko kila hariri ina kiungo chake cha kudumu, na hata ikitenguliwa bado inaonekana kwenye historia ya ukurasa. Kwa hiyo zaidi ya skrinishoti, nakili viungo vya hariri zenyewe. Angalieni saa pia: mfumo unaweza kuonyesha saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Nimeona maelezo ya mtu yakitiliwa shaka kwa sababu alisema alitukanwa saa nne usiku na kumbukumbu inaonyesha 19:00. Zote zilikuwa sahihi.

Na kama mtu ameandikiwa namba yake ya simu au anakoishi kwenye ukurasa wa wazi, msiandike hadharani "jamani futeni namba ya fulani". Mtakuwa mmewaita watu waje kuitazama. Andikeni kwa barua pepe. Mkabidhi (admini wa Wikipedia) anaweza kuficha toleo hilo la ukurasa lisionekane na umma, na wapo watumiaji wachache wenye mamlaka ya juu wanaoweza kulificha hata wakabidhi wasilione.

Maadmini wa WhatsApp nao: mnaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote grupuni. Futeni, ila hifadhini nakala kwanza.

---

Chai ya Mufindi

Naunga mkono mada, lakini naomba niulize swali gumu. Je, akisingiziwa? Nimewahi kuona mtu akichafuliwa kwa sababu ya ugomvi wa posho. Na pili, kuna watu ndio uti wa mgongo wa hivi vikundi. Ukimtoa mmoja mradi unalala. Tunafanyaje?

---

Kihesa Kilolo

Kusingiziwa kupo, kama ilivyo kwa wizi au jambo lolote, na ndiyo sababu nataka ushahidi utunzwe na mtu mwingine na maelezo ya mtuhumiwa yachukuliwe kwa maandishi vilevile. Lakini angalia: kumpokea mtu, kumuuliza kama yuko salama, kumtenganisha na anayemlalamikia wakati mambo yanaangaliwa, hakuna hata kimoja hapo kinachomhukumu mtu. Ni huduma ya kwanza. Hospitali haimsubirishi majeruhi mpaka trafiki aamue nani alikosea.

Na wakati wa kutenganisha, anayesogea pembeni awe yule anayelalamikiwa. Apumzishwe uadmini, apumzishwe kwenye grupu la mradi, mpaka jambo liangaliwe. Sisi tumezoea kinyume, tunamsogeza aliyeumia kwa sababu ndiye mpole na hatabisha.

Hilo la uti wa mgongo ndilo linalonikera zaidi, ila sikerwi nawe, mkuu. Mradi unaosimama kwa mtu mmoja una ugonjwa hata kabla hajamnyanyasa mtu. Nywila ziwe kwa watu wawili, uadmini uwe kwa watatu, wanawake wawemo. Tunavumilia mengi kutoka kwa mtu kwa sababu tu yeye ndiye anayejua nywila ya akaunti.

---

Gangilonga

Niwasaidie upande wa sheria kwa kifupi, maana watu wanadhani hakuna sheria.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumnyanyasa au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo "ni utani wa grupuni" si kinga.

Pa kuanzia ni kituo cha polisi, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ulizia dawati hilo, usieleze habari zako kaunta mbele ya watu. Chukua namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako pale polisi, na uitunze. Nenda na simu yenyewe yenye ujumbe, si skrinishoti peke yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama itapima ulitunzwaje na kama haukuguswa. Ukibadilisha simu, usiiuze ya zamani.

Kiongozi wa mradi akikwambia "nafasi ya kwenda kwenye mafunzo utaipata ukinikubali", hiyo ni rushwa ya ngono. Ipo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Kwa aliye chini ya miaka 18, namba ya huduma kwa mtoto ni 116, nayo bure.

Na ninyi viongozi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zile orodha za mahudhurio mnazojaza majina, namba za simu na namba za NIDA ili mrudishe nauli na bando, kisha mnaziacha kwenye kiungo ambacho kila mwenye nacho anafungua, ni hatari. Namba za mabinti hutoka humo humo.

---

Kihesa Kilolo

Hilo la orodha ni kweli tupu. Naomba kila kiongozi anayesoma hapa akafunge viungo vyake usiku huu. Kweli, usiku huu.

---

Mtoto wa Mafinga

Wanaume nao wanaguswa. Kwenye kikundi chetu kijana mmoja alitukanwa kabila lake na ulemavu wake kwa wiki kadhaa, kila akikosea kuandika. Watu waliweka emoji za kucheka. Nafikiri kilichomuumiza ni zile emoji kuliko yule mtukanaji mwenyewe. Aliwahesabu waliocheka, akawajua kwa majina.

---

Kihesa Kilolo

Asante kwa hili, mkuu. Na hapo ndipo sisi wengine, tusio viongozi, tunapoweza kufanya kitu. Si lazima ugombane na mtukanaji. Andika tu grupuni, "hapana, hii si sawa, tuheshimiane." Mtu mmoja akisema, wa pili husema. Kisha mfuate aliyetukanwa pembeni, "nimeona, pole, nipo." Ukimya wa grupu yeye anausoma kama kukubaliana.

---

Fundi wa Uyole

Nimesoma yote. Kuhusu kubloku nakubali, sikujua kwamba kwenye grupu bado mnaonana. Swali langu la mwisho: kama mnyanyasaji ndiye admini mwenyewe, au rafiki wa viongozi wote? Vikundi vyetu ni vidogo, tunajuana. Unamshtaki kwa nani?

---

Kihesa Kilolo

Swali zuri, na kwa vikundi vya mikoani ndilo swali lenyewe.

Kwa miradi ya Wikimedia kuna Kanuni za Jumla za Maadili. Zinamhusu kila mtu, mgeni na mkabidhi, mtandaoni na kwenye mikutano ya ana kwa ana. Zinataja wazi matusi, vitisho, unyanyasaji wa kijinsia, kuanika taarifa za mtu na kumfuatafuata mtu kwenye kazi zake. Mwongozo wa utekelezaji ulipitishwa 2023 baada ya wanajumuiya kupiga kura, na 2024 ikachaguliwa kamati ya kimataifa inayosimamia kanuni hizo. Kwa hiyo ngazi za nyumbani zikiziba, kuna ngazi ya juu. Kukiwa na tishio la kudhuriwa mwili au mtu kutaka kujidhuru, Taasisi ya Wikimedia ina barua pepe ya dharura, emergency@wikimedia.org. Hiyo si badala ya polisi, wajulishe wote wawili.

Kwa OpenStreetMap, anayekufuata kwenye hariri zako anaweza kuripotiwa, na Data Working Group, yaani kikundi cha kusimamia data cha taasisi yao, ina uwezo wa kumfungia akaunti. Unaweza pia kubadilisha jina la kuonekana la akaunti yako. Halifuti historia, ila linapunguza kutafutwa kirahisi.

Kwa vikundi vya WhatsApp visivyo na mradi mkubwa nyuma yake, hakuna wa juu. Hapo napendekeza tuunganishe nguvu mkoa kwa mkoa. Kikundi cha Mbeya kiwe na watu wawili wa kupokea malalamiko ya kikundi cha Iringa, na cha Iringa kipokee ya Mbeya. Watu wasiokula meza moja na mtuhumiwa. Binti wa Tukuyu ampigie mama au dada wa Njombe ambaye hamjui jamaa hata kwa sura.

---

MwanaRungwe

Mimi nitakuwa mmoja wa hao wawili upande wa Mbeya. Niko tayari. Ila nina sharti: wapokeaji nao wapate mtu wa kuongea naye. Kusikiliza haya mambo kunachosha roho, na aliyewahi kupitia anachoka zaidi. Tupokezane, mtu asikae na simu ya malalamiko mwaka mzima.

---

Mama wa Makambako

Andika na jina langu, upande wa Njombe. Kompyuta mtanifundisha, kusikiliza najua.

---

Chai ya Mufindi

Swali moja la utekelezaji. Jambo likishaamuliwa, grupu linaambiwa nini? Tukinyamaza, uvumi unaanza. Tukisema, binti anajulikana.

---

Kihesa Kilolo

Linaambiwa uamuzi, haliambiwi habari. Na aliyelalamika anaonyeshwa maandishi hayo kabla hayajatumwa, akitaka neno litolewe linatolewa. Kwa kikundi chetu tumeandaa hivi: "Mjumbe fulani ameondolewa kwenye kikundi kwa kuvunja kanuni za heshima. Uamuzi umefanywa na watu watatu baada ya kusikiliza pande zote. Hatutajadili undani wake hapa. Mwenye jambo la kusema kuhusu hili au jingine awaone wapokeaji wetu wawili." Jina la mtuhumiwa litajwe tu pale ambapo kulitaja hakumfichui aliyeumizwa.

Mnaotaka kujiunga na mpango wa Mbeya, Iringa na Njombe, nitumieni ujumbe inboksi hapa hapa, msiweke namba zenu kwenye uzi. Nitaanza na wawili waliojitokeza.